Kipaji Kisicho na Cheti: Namna Ujuzi wa Mkazi Unavyotambuliwa

Neno kipaji lina maana mbili katika Kiswahili: sehemu ya uso iliyo juu ya macho, na uwezo ambao mtu amejaliwa. Cha kwanza huonekana na kila mtu. Cha pili chaweza kukaa miaka arobaini bila kuandikwa popote. Katika vijiji vya Lushoto wapo waashi wanaojenga kuta imara kwenye miteremko mikali, maseremala, washonaji na mafundi wa pikipiki ambao hawana karatasi hata moja. Jirani anawajua na kuwaamini. Benki, kamati ya zabuni na mwajiri aliyeko Tanga mjini hawawajui.

Kwa muda mrefu kipimo kikuu cha uwezo wa mtu kimekuwa mtihani wa shule. Kipimo hicho ni cha lazima, ila hupima upande mmoja zaidi kuliko mwingine. Mwaka 1983 mwanasaikolojia wa Marekani, Howard Gardner, alitoa hoja kuwa akili ya binadamu si moja, akataja aina 7, zikiwamo za lugha, hesabu, muziki, matumizi ya mwili na kuelewana na watu. Wanasaikolojia wengi hawajaikubali hoja hiyo moja kwa moja, lakini walimu huifahamu kwa macho: mtoto anayeshika mkia darasani ndiye anayeongoza kwaya, au anayetengeneza gari la mbao lenye usukani unaogeuka. Mashindano ya UMITASHUMTA kwa shule za msingi na UMISSETA kwa sekondari huwapa wanamichezo nafasi ya kuonekana kuanzia shuleni hadi ngazi ya taifa. Kwa watoto wasioona, shule iliyopo Irente imekwisha kuonyesha kuwa kutoona si kukosa uwezo. Hata hivyo mtoto aliyefichwa nyumbani hawezi kutambuliwa na mwalimu yeyote.

Gharama ya kupuuza ujuzi wa watu imo katika historia ya wilaya yenyewe. Mwaka 1946 serikali ya kikoloni ilianzisha mpango wa kuhifadhi ardhi katika bonde la Mlalo. Wakulima waliamriwa kulima kwa matuta kwenye miteremko, kazi nzito iliyowaangukia zaidi wanawake. Mmomonyoko ulikuwepo kweli, na maofisa hawakukosea kuuona. Walichokosa kuona ni elimu ya Mshambaa: kuchanganya migomba, mahindi na maharage katika shamba moja, na kuwa na shamba jingine nyikani ili mvua ikikosekana upande mmoja, mwingine uokoe familia. Upinzani ulikuwa mkubwa katika miaka ya 1950, na mpango ukaachwa kabla ya Uhuru. Fedha na jasho vilipotea, na udongo ukaendelea kuteremka mtoni. Afisa ugani wa leo anayeanza kwa kumwuliza mkulima kabla ya kumwelekeza anafuata njia iliyo bora zaidi.

Kwa mafundi, utaratibu uliopo ni urasimishaji wa ujuzi, unaoendeshwa na Mamlaka ya Elimu na Mafunzo ya Ufundi Stadi, VETA, iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1994. Unamhusu mtu aliyejifunza kazi kwa mzazi, kwa fundi mwenzake au kwa kuifanya tu. Uashi, useremala, ufundi wa magari na mapishi ni miongoni mwa fani zake. Mwombaji hukaguliwa na mtathmini anayeijua kazi hiyo. Huhojiwa, na hutazamwa akifanya kazi kwa mikono yake. Palipo na pengo, kwa mfano katika kusoma ramani ya jengo, kukadiria vifaa au usalama kazini, hupewa mafunzo mafupi. Anayefaulu hupata cheti. Hakianzwi upya kile ambacho fundi anakijua tayari, na hapo ndipo faida ya utaratibu huu ilipo kwa mtu mwenye familia asiyeweza kukaa chuoni miaka miwili.

Cheti hakimwongezei fundi ustadi wa mikono, ila humfungulia milango. Madarasa na zahanati nyingi hujengwa kwa kutumia mafundi wa kawaida badala ya wakandarasi wakubwa, na kamati ya ujenzi inayochagua kati ya watu wawili inahitaji uthibitisho. Vivyo hivyo, kikundi kinachoomba mkopo wa asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri, yaani 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu, huwa na andiko lenye uzito zaidi kikiwa na fundi aliyethibitishwa.

Waganga wa tiba asili wana njia yao. Sheria ya mwaka 2002 iliunda Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala, na usajili huanzia kwa mratibu wa tiba asili wa halmashauri.

Fundi anayetaka kurasimishwa aanze kwa Afisa Maendeleo ya Jamii wa kata au Mtendaji wa Kata, ambao watamwelekeza VETA. Ni vyema aende na kitambulisho, picha za kazi alizofanya, na majina ya watu wawili au watatu aliowafanyia kazi ambao wako tayari kuulizwa.