Mariannhill: dampo lililogeuka hifadhi

Je, mtu aweza kupapenda mahali anapoishi iwapo jirani yake ni dampo la taka?

Swali hilo liliwakabili wakazi wa Mariannhill, karibu na Pinetown, magharibi mwa Durban nchini Afrika Kusini, dampo la manispaa lilipofunguliwa mwaka 1997. Hofu ya uvundo, maji machafu na kuharibiwa kwa msitu ilikuwa na msingi.

Jibu lilikuwa vitendo. Kabla ya kuchimba sehemu mpya, mimea ya asili iling'olewa pamoja na mizizi yake, ikatunzwa katika kitalu, kisha ikapandwa juu ya miteremko iliyokwisha kujazwa taka. Maji yaliyochuruzika kutoka kwenye taka yalisafishwa, yakapitishwa kati ya matete.

Mwaka 2002 eneo hilo lilisajiliwa kuwa hifadhi, na mwishoni mwa mwaka 2006 gesi ya methani kutoka kwenye taka ikaanza kuzalisha umeme.

Mapenzi ya mahali hayaletwi na mahubiri. Huletwa na kazi ambayo mkazi anaiona kwa macho yake, na hufifia kazi hiyo inapolegea. Ndiyo maana jirani wa dampo ana haki ya kuendelea kuuliza.