Bukavu: Mwenye mguu mpana na kazi ya kutafuta kiatu cha baiskeli

BUKAVU – Kwa mwendesha baiskeli anayeishi Cimpunda, safari huanza baiskeli ikiwa begani. Kartie hii ya komine ya Kadutu imejengwa kwenye mteremko, nyumba za mbao zikiwa zimebanana kiasi kwamba moto ukizuka gari la zimamoto hushindwa kupenya. Kutoka mlangoni hadi penye lami kuna vijia vya udongo, ngazi na mitaro. Mvua ikinyesha, kila hatua ni utelezi. Kiatu kinakuwa kimetembea sana kabla hakijagusa pedali.

Wenye baiskeli, ambayo wengi huku huiita kinga, si wengi katika milima ya Bukavu. Usafiri wa mji ni pikipiki na miguu. Baiskeli nyingi za Kivu Kusini ziko chini, katika bonde la Ruzizi, kuanzia Kamanyola hadi Uvira, ambako hubeba abiria, mihogo na mkaa, na dereva wake akikanyaga pedali kwa kandambili. Lakini wapo vijana wa mjini wanaoendesha kwa mazoezi, wakishika barabara ya Kavumu upande wa kaskazini. Hamu yao haikupungua Septemba 2025, pale Kigali ilipoandaa mashindano ya dunia ya baiskeli za barabarani, ya kwanza kufanyika Afrika. Siku ya mwisho wanaume walipanda na kushuka vilima vya Kigali kwa kilomita 267.5, na Mslovenia Tadej Pogačar akaibuka mshindi.

Aliyewatazama wale wanaume na wanawake aliona baiskeli zao kwanza. Mwenye mguu mpana aliangalia viatu: vyembamba, vigumu, vimekaza kama soksi.

Kiatu cha baiskeli hakifanani na raba ya kawaida. Soli yake ni ngumu kwa makusudi, ya plastiki nzito au ya kaboni, ili nguvu ya mguu iende yote kwenye pedali bila soli kujikunja. Ugumu huo unamsaidia mwenye mguu mwembamba na unamwadhibu mwenye mguu mpana. Raba ikibana, baada ya wiki mbili huwa imetanuka yenyewe. Soli ya kaboni haitanuki hata milimita moja. Mguu ukikandamizwa pembeni, neva zinazopita katikati ya mifupa ya vidole hubanwa, vidole hufa ganzi, kisha huja ule moto chini ya wayo ambao waendesha baiskeli wanaujua vizuri. Anayevumilia kwa miezi anaweza kupata uvimbe wa neva ambao madaktari huuita neuroma ya Morton, na huo hauponi kwa kubadilisha soksi. Kwa mwenye kisukari hatari ni kubwa zaidi, kwa sababu kidonda cha kidole kinaweza kuanza bila yeye kusikia maumivu.

Na upana huo si ulemavu. Mwaka 2009 Kristiaan D'Août na wenzake walichapisha utafiti uliolinganisha miguu ya Wahindi waliozoea kutembea peku, Wahindi wanaovaa viatu, na watu wa Magharibi. Waliozoea kutembea peku walikuwa na miguu mipana zaidi, na uzito wao uligawanyika vizuri zaidi kwenye wayo. Daktari wa Marekani, Phil Hoffmann, alikuwa ameshaandika jambo linalokaribiana na hilo mwaka 1905: viatu ndivyo vinavyoubana mguu hadi ukachukua sura ya kiatu. Mtoto aliyekua akipanda na kushuka Cimpunda kwa kandambili au peku ana mguu uliofunguka. Kiwanda ndicho ambacho hakikumfikiria.

Kosa linalowagharimu wengi ni lile la namba. Namba ya Ulaya, iwe 41 au 44, inapima urefu tu. Kila namba ni theluthi mbili za sentimita, hivyo 42 maana yake ni kalibu ya sentimita 28, ingawa viwanda havifuati hesabu hii kwa usawa. Upana hautajwi. Basi mwenye mguu mpana anafika sokoni, 42 inambana, anajaribu 43, bado inabana, anaondoka na 44. Amelipia zaidi ya sentimita moja ya urefu asiouhitaji, na upana alioongeza ni mdogo sana. Akifika kwenye mlima, kisigino kinachomoka ndani ya kiatu kila anapovuta pedali. Matundu ya klipu, kile kipande cha chini ya soli kinachonasa kwenye pedali, yanakuwa yamesogea mbele mno kulingana na mguu wake. Goti ndilo linalolipa.

Upana una vipimo vyake. Viatu vya Marekani hutumia herufi: kwa wanaume D ni upana wa kawaida, 2E ni mpana, 4E ni mpana sana. Kwa wanawake kawaida ni B, na D tayari ni mpana. Ndiyo maana mwanamke mwenye mguu mpana mara nyingi hupata nafuu kwenye kiatu cha kiume cha urefu wake, bila haja ya kuona haya. Mfumo mwingine, Mondopoint, huandika namba mbili kwa milimita, urefu na upana, na ndio unaotumiwa na majeshi ya NATO kwa buti za askari. Inashangaza kwamba askari anapimwa upana wa mguu wake, na mteja wa dukani hapimwi.

Wapo watengenezaji wanaowakumbuka wenye miguu mipana. Shimano ya Japani hutoa baadhi ya viatu vyake kwa upana wa kawaida na kwa toleo lenye neno "Wide". Sidi ya Italia, ambayo viatu vyake vina sifa ya kuwa vyembamba, imekuwa na toleo linaloitwa "Mega". Lake nayo inajulikana kwa upana. Maneno haya yanafaa kutafutwa kwenye ulimi wa kiatu, kwenye lebo ya ndani au pembeni ya soli, hasa pale kiatu kinapotoka kwenye robota la mitumba na muuzaji mwenyewe hajui alichonacho.

Katika soko kama la Kadutu, hakuna mashine ya kupimia mguu. Kuna kipimo kingine cha bure. Toa soli ya ndani ya kiatu, iweke chini, simama juu yake kwa uzito wako wote. Mguu ukimwagika nje ya soli upande wa kidole gumba au kidole kidogo, kiatu hicho kitakuumiza, hata kama namba ni yako na hata kama muuzaji anaapa kwamba kitatanuka. Soli ya ndani ikikataa kutoka, ingiza mkono na upapase pale penye mpindo wa kidole kidogo. Mshono mgumu mahali hapo ni dalili mbaya. Kujaribu kiatu asubuhi ni kujidanganya, kwa kuwa mguu huvimba kadiri siku inavyokwenda. Jioni, baada ya kupanda na kushuka mji mzima, ndipo mguu unaposema ukweli. Miguu yote miwili ipimwe, maana ni nadra kulingana.

Fedha nazo zinahimiza uangalifu. Tangu mji uingie mikononi mwa AFC/M23 Februari 2025, benki zilifunga milango na fedha taslimu zikawa adimu. Kiatu kilichonunuliwa vibaya hakirudishwi sokoni, na mwenye nacho hana pa kupata kingine upesi.

Wengine humwagiza ndugu aliye Kigali, Nairobi au Ubelgiji. Hapo pia namba peke yake haitoshi. Simama juu ya karatasi, mtu mwingine achore mguu wako kwa kalamu iliyosimama wima, kisha pima kwa rula urefu, na upana pale panapopita vidole gumba na kidogo vinapoanzia. Picha ya karatasi hiyo pamoja na rula, ikitumwa kwa WhatsApp, inamsaidia ndugu kuliko maneno "nina mguu mkubwa".

Lakini hata kiatu chenye upana sahihi kinaweza kumshinda mtu wa Cimpunda. Viatu vya mashindano hufungwa klipu kubwa ya plastiki kwa skrubu tatu, na klipu hiyo hutokeza chini ya soli laini. Kukitembelea kwenye ngazi zenye tope, baiskeli ikiwa begani, ni kutafuta kuanguka. Plastiki yenyewe huliwa na mawe haraka. Aina ya pili ina klipu ndogo ya chuma yenye skrubu mbili, iliyozama ndani ya soli ya mpira yenye meno. Ni mfumo wa baiskeli za milimani, ambao Shimano iliuleta mwaka 1990, na viatu vyake kwa kawaida huwa na nafasi zaidi mbele. Kwa mteremko huu, aina hiyo ya pili ndiyo yenye akili. Na asiyeipata hapungukiwi kitu kikubwa: pedali pana ya kawaida pamoja na raba yenye soli ngumu kidogo itamfikisha Kavumu na kumrudisha. Kiatu chembamba cha bingwa kitamfikisha nusu ya njia.

Kama kiatu kimeshanunuliwa na kinabana kidogo tu, fundi viatu ana la kufanya. Ngozi halisi hulowanishwa kidogo, huwekwa kalibu ya mti yenye kipande cha ziada pale penye kidole kinachoumia, na huachwa usiku mzima au zaidi. Ngozi bandia hukataa, au hutanuka ikapasuka. Nyumbani, soli nene ya ndani inaweza kubadilishwa na nyembamba ili nafasi iongezeke juu ya vidole, na kamba zikaruka matundu mawili ya kwanza, zikaanza kukaza karibu na kifundo. Kiatu cha mikanda ya kunata hulegezwa mkanda wa mbele kabisa na kukazwa ule wa juu tu.

Safari ya kwanza iwe fupi, tena siku isiyo na mvua, na raba ya zamani iwe ndani ya mfuko mgongoni.