Walipotulaumu Monrovia

Mwaka 1978 nilikuwa darasa la sita kwetu Nkwenda. Kyerwa haikuwa wilaya bado. Yote ilikuwa Karagwe, Mkoa wa Ziwa Magharibi. Baba alikuwa na redio ya betri aliyoilaza ubavu juu ya gunia la kahawa, maana ikisimama wima haishiki kitu. Jioni wazee walijaa uani na vibuyu vya rubisi. Habari za Missenyi, ambako jeshi la Uganda lilikuwa limevamia, walizipata kwa waliokimbia kutoka ng'ambo ya Mto Kagera. Redioni walitafuta jambo jingine: wakubwa wa Afrika wanasemaje?

Walisema machache. Novemba 1 Idi Amin, rais wa Uganda, alitangaza kwamba ardhi yote hadi mtoni ni ya nchi yake. Umoja wa Nchi Huru za Afrika, chini ya uenyekiti wa Rais Nimeiri wa Sudan, ukahimiza usuluhishi. Nyerere akakataa kusuluhishwa kabla mvamizi hajalaaniwa. Wazee wetu waliafiki: mwizi akikamatwa jikoni kwako, balozi wa nyumba kumi haji kuwasihi nyote wawili mpatane.

Maneno yaliongezeka jeshi letu lilipovuka mpaka pamoja na Waganda waliokuwa uhamishoni. Gaddafi wa Libya alimpelekea Amin askari. Ndege yake iliyotumwa kupiga Mwanza iliishia kuua swala wa kisiwa cha Saanane, na wazee walicheka wiki nzima. Msumbiji ilituletea askari. Kenya ilikaa pembeni. Uingereza haikumlilia Amin.

Kampala ilianguka Aprili 11, 1979. Julai, kwenye mkutano wa marais Monrovia, Nimeiri na Obasanjo wa Nigeria waliishutumu Tanzania hadharani: mkataba wa Umoja unakataza kuingilia mambo ya ndani ya nchi nyingine. Godfrey Binaisa, aliyekuwa na mwezi mmoja tu kwenye urais wa Uganda, ndiye aliyesimama kututetea.

Baba alisema wote hao waletwe kwanza Kyaka, waone daraja lilivyolipuliwa. Mimi natofautiana naye kidogo. Kumfukuza Amin hadi Mutukula, mpakani, hakukuhitaji maelezo kwa mtu. Kwenda Kampala kulihitaji, na Obasanjo alikuwa na haki ya kuuliza. Ninachowadai yeye na wenzake ni ule ukali wa Julai: Novemba, Amin alipojigawia nchi yetu, ulikuwa wapi? Mkutano huohuo wa Monrovia uliagiza iandikwe hati ya haki za binadamu ya Afrika. Waganda walikuwa wamekwisha kuuawa miaka 8.

Gharama za vita tulizibeba wenyewe. Nyerere alituomba tufunge mikanda kwa miezi 18. Miezi ikapita, mikanda ikabaki palepale. Sabuni ilipotea madukani, na wazee walewale waliomshangilia uani kwetu wakaanza kuvusha kahawa usiku kwa magendo, baba akiwa miongoni mwao.