Jeki ni ya Kuinulia, si ya Kushikilia

Siku hizi nyumba nyingi za milimani Usambara hupata riziki yao kwa lori. Kabeji, karoti, nyanya na viazi hushushwa kutoka Lushoto hadi Mombo kwa ile njia yenye kona nyingi, kisha vyaendelea mpaka Tanga na Dar es Salaam. Hata walimu wengine, wakishirikiana na ndugu zao, wamenunua malori madogo yaliyokwisha kutumika Japani. Basi springi ikivunjika, na fundi yu mbali, na fedha ni chache, mwenye lori hutwaa spana akaingia chini mwenyewe. Hatumlaumu, maana mtu mwangalifu aweza kuifanya kazi hii nyumbani kwake, ikafanyika vema. Lakini imetupasa kuandika habari zake, kwa sababu ya jambo lililotupata sisi wenyewe.

Yalikuwa majira ya masika. Lori la jamaa yetu lilikuwa limeinama nyuma upande wa kushoto, nasi tukajua kwamba springi imevunjika. Tukalileta uani, tukaiweka jeki chini ya ekseli, juu ya udongo ambao asubuhi ile ulikuwa mkavu juu tu. Tukatia jiwe moja mbele ya gurudumu, tukaona yatosha. Kijana wetu akalala chini, akaanza kufungua nati. Mama yake akamwita akanywe chai. Kijana akakawia, maana alikuwa amebakiwa na nati moja. Mama akaita mara ya pili, kwa ukali, naye akatoka akinung'unika. Kabla hajafika mlangoni tukasikia kishindo. Jeki ilikuwa imezama upande mmoja ikaanguka, na ekseli ilikuwa imelala pale pale palipokuwa na kifua chake. Hapana aliyesema neno. Chai ile ilipoa vikombeni.

Tangu siku hiyo tumejifunza, na tuliyojifunza twayaweka hapa kwa utaratibu.

Neno la kwanza ni hili: jeki ni chombo cha kuinulia, wala si cha kushikilia. Jeki ya mafuta husimamishwa na mafuta machache yaliyofungiwa ndani, nayo mafuta hayo huzuiwa na mpira mdogo tu. Mpira ukichakaa, mafuta hupenya na mzigo hushuka. Tena kichwa cha jeki ni chembamba, na kitako chake si kipana. Ardhi ikilegea kidogo, au lori likisogea hata inchi moja, jeki hupinduka. Kwa hiyo asiingie mtu yeyote chini ya lori lililosimama juu ya jeki peke yake, hata kama ni kwa dakika moja ya kuokota spana.

Neno la pili ni mahali. Chagua ardhi tambarare na ngumu. Kama huna sakafu ya saruji, weka ubao mnene na mpana chini ya jeki na chini ya kila stendi, uzito upate kuenea. Shusha mzigo wote kwanza. Kisha zuia magurudumu yanayobaki chini kwa kabari za mti mgumu, mbele na nyuma, kushoto na kulia.

Hapa wengi hudanganyika, wakisema, “Nimevuta breki ya mkono, haliendi.” Sikilizeni vizuri. Katika malori madogo mengi, na katika Land Rover za zamani, breki ya mkono haishiki magurudumu yenyewe. Hushika shafti inayokwenda kwenye ekseli ya nyuma. Nanyi mwajua ya kuwa ndani ya ekseli hiyo mna difu, ambayo kazi yake ni kuruhusu gurudumu moja lizunguke tofauti na lenzake. Sasa ukiinua gurudumu moja la nyuma, hilo lililo hewani laweza kuzunguka kwa kurudi nyuma na lenzake likaenda mbele, shafti isisogee hata kidogo. Breki yashika, na lori lateremka! Katika magari mengine breki ya mkono hushika magurudumu ya nyuma yenyewe. Lakini hayo ukiyainua yote mawili, haina tena kitu cha kuzuia. Kwa hiyo tegemeo ni kabari, wala si breki.

Neno la tatu ni kuinua. Kabla ya kuinua, legeza kidogo nati za gurudumu lingali chini. Angalia pia kwamba katika malori mengine nati za upande wa kushoto hufunguka kwa kuzungushwa kuelekea kulia. Aliyevunja bolti kwa kutojua jambo hili hasahau. Kisha inua polepole, na mara moja weka stendi za chuma chini ya chesisi, pande zote mbili, kila moja ikiwa na nguvu ya kupita uzito itakaoubeba. Shusha lori mpaka likae juu ya stendi. Halafu lisukume kwa mikono, ungali umesimama nje. Likitikisika au likilia, rudia kazi tangu mwanzo. Usitumie matofali wala bloki za saruji. Hizo hupasuka ghafula, bila kuonya. Asiye na stendi na ajengewe magogo mazito yaliyochongwa bapa, yapangwe mawili mawili kwa kupishana, yawe mapana kuliko kimo chake.

Sasa twaja kwenye springi yenyewe. Springi ya lori ni vyuma bapa vilivyopangwa, kirefu juu na vifupi chini, vikaunganishwa na bolti moja ya katikati. Kichwa cha bolti hiyo huingia katika tundu la kikalio cha ekseli, nacho ndicho kinachoiweka ekseli mahali pake. Lakini si bolti hiyo inayobeba kazi. Wanaoishika springi na ekseli pamoja ni bolti mbili kubwa zenye umbo la herufi U. Hizo zikilegea, springi huanza kuchezacheza, bolti ya katikati hukatika, na ekseli husogea. Ndipo utakapoona gurudumu moja limekaribia bodi kuliko lenzake, na lori laenda upande kama kaa. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.

Wakati lori likiwa limekaa juu ya stendi, ekseli iweke juu ya jeki yake, uipandishe na kuishusha mpaka springi isiwe inabanwa wala kuvutwa. Usiiache ekseli ining'inie kwa mpira wa breki, maana utakatika. Ndipo ufungue zile bolti za herufi U, kisha pini za mbele na za nyuma. Springi ni nzito, kwa hiyo iteremsheni watu wawili. Ukitaka kuitenganisha, ibane kwanza kwa vibano viwili vyenye nguvu, kimoja kila upande wa bolti ya katikati. Vyuma hivyo vina nguvu iliyofichika ndani, navyo huruka bolti ikitoka.

Katika kurudisha, shikeni mambo manne. Kwanza, tia bolti mpya za herufi U. Za zamani zimekwisha kunyooka na hazishiki tena kama mwanzo. Pili, usichomelee chuma cha springi kilichovunjika, wala usikipashe moto ili kukikunja. Chuma hicho kilipewa ugumu wake kiwandani kwa moto uliopimwa. Moto wako huuondoa ugumu huo, nacho kitavunjika tena, pengine kwenye mteremko lori likiwa na watu. Tatu, ukibadili springi ya upande mmoja, badili na ya pili, lori lisiiname. Nne, kaza nati kwa kupishana, kidogo kidogo, kwa spana ya kupimia mkazo, kwa kadiri iliyoandikwa katika kitabu cha lori. Pini zenye mpira zikazwe mwisho, lori likiwa limesimama kwa magurudumu yake. Ukizikaza hewani, mpira hujisokota na kuchanika upesi.

Wala kazi haijaisha lori liendapo barabarani. Nati za magurudumu zikazwe tena baada ya kilomita 80 hivi, na bolti za herufi U zikazwe tena kabla ya kilomita 800 kupita, kwa sababu vyuma vipya hukaa na kulegea. Andika tarehe ukutani, maana moyo husahau.

Yako pia mambo tusiyoyagusa nyumbani. Katika malori makubwa yenye breki za upepo, yale makopo ya breki za nyuma yana springi yenye nguvu nyingi iliyobanwa ndani. Atakayelifungua kopo hilo aweza kuuawa nalo. Ringi za gurudumu zilizofanywa kwa vipande huruka kama risasi tairi likiwa na upepo. Toa upepo wote kwanza, nayo yakiwa magurudumu mawili pamoja, toa katika yote mawili, kabla ya kulegeza nati yoyote. Na ekseli iliyopasuka au kupinda, na vyuma vya usukani, hivyo mpelekee fundi. Kujua mpaka wa ujuzi wako ni sehemu ya ujuzi.

Neno la mwisho twawaambia wenye nyumba. Mtu asiingie chini ya lori peke yake. Awepo mwenzake wa kuangalia jeki, na watoto wafukuzwe uani. Nanyi akina mama, kazi hii isemwe kuwa ya waume, lakini sauti yenu yafika hata chini ya lori. Mkiona mtu amelala pale na hamwoni stendi, mwiteni. Akinung'unika, mwiteni tena.

Yule kijana wetu sasa aendesha lori lake mwenyewe. Juzi tulimkuta kando ya njia akimsaidia dereva mgeni aliyeharibikiwa. Mgeni alikuwa amekwisha kupiga jeki, akainama aingie chini. Kijana akamshika mkono, akamwuliza swali moja tu: “Ndugu, stendi zako ziko wapi?” Mgeni hakuwa nazo. Basi kijana akarudi kwenye lori lake akateremsha zake.