Maji na Shinikizo la Damu kwa Wazee: Mfano wa Huruma, Nairobi

Shinikizo la damu ni nguvu ambayo kwayo damu husukuma kuta za mishipa, moyo unapopiga na unapotulia. Mtu mzima ambaye vipimo vyake hudumu kwenye 140/90 au zaidi huhesabiwa kuwa na shinikizo la juu. Utafiti wa kitaifa uliofanywa nchini Kenya mwaka wa 2015 miongoni mwa watu wa umri wa miaka 18 hadi 69 ulibainisha kuwa takriban asilimia 24 walikuwa na hali hiyo. Zaidi ya nusu ya waliohojiwa hawakuwa wamewahi kupimwa hata mara moja. Lugha nayo ina lawama yake hapa. Mitaani, neno "presha" hubeba maana ya ugonjwa na pia ya wasiwasi, hivyo mzee aliyetulia moyoni hujiona hana presha, ilhali maradhi haya aghalabu hayana dalili yoyote.

Miongoni mwa mambo yanayosaidia, pamoja na dawa na kupunguza chumvi, ni mazoezi ya majini. Mtu anaposimama katika maji yanayofika kifuani, uzito unaobebwa na miguu yake hupungua hadi karibu thuluthi moja, kwa hivyo magoti yenye baridi yabisi hupata nafuu. Wakati huohuo maji huibana miguu na kuisukuma damu kuelekea kifuani. Vyumba vya moyo hutanuka na kutoa homoni inayoziamuru figo zitoe chumvi na maji kwa njia ya mkojo. Maji yakiwa vuguvugu, mishipa nayo hulegea. Nchini Brazil, matokeo yaliyochapishwa mwaka wa 2014 kuhusu wagonjwa 32 ambao shinikizo lao halikutii dawa yalionyesha kuwa waliofanya mazoezi katika bwawa la maji moto mara tatu kwa wiki, kwa majuma 12, walishukiwa na shinikizo kwa kiwango kikubwa. Idadi hiyo ni ndogo, lakini matokeo si ya kupuuzwa.

Swali linalozuka ni je, mzee wa Huruma atayapata wapi maji hayo? Mabwawa ya kuogelea Nairobi yapo, ila kiingilio na nauli ni mzigo kwa asiye na pensheni. Isitoshe, maji baridi ya mwezi wa Julai huikaza mishipa na kulipandisha shinikizo badala ya kulishusha.

Maji anayoyajua mkazi wa Huruma ni yale ya mtungi. Mtaa huu umejaa majumba ya ghorofa nyingi yaliyosongamana, mengi yakiwa hayana lifti, na mfereji unapokauka maji hununuliwa chini na kubebwa ngazini. Mtungi wa lita 20 una uzito wa kilo 20 na ushei. Wako wanaodai kwamba kazi hiyo ni mazoezi tosha. Dai hilo ni nusu ya ukweli. Kupanda ngazi mikono mitupu, taratibu, ni zoezi jema. Kuushika mtungi mzito kwa nguvu ni jambo jingine: misuli iliyokazwa bila kulegezwa huibana mishipa iliyomo ndani yake, na shinikizo hupanda papo hapo. Mbebaji akizuia pumzi ili ajikaze, hupanda zaidi. Kijana mwenye afya hustahimili. Mzee ambaye mishipa yake imekwisha kukakamaa yumo hatarini, hususa ikiwa hajawahi kupimwa.

Kwa hivyo maji yaleyale yanayomwinua mwogeleaji humwelemea mchota maji. Familia inayoweza kumwachia kijana mtungi na ifanye hivyo. Kwa mzee anayeishi peke yake, mitungi miwili ya lita tano, mmoja kila mkono, hupunguza mkazo, japo safari huongezeka. Autue mzigo kila ngazi zinapokata kona, na avute pumzi na kuitoa bila kuizuia. Naye atakayejaliwa kufika bwawani amwone daktari kwanza, kisha atoke majini polepole, kwa kuwa damu hurejea miguuni ghafla na anayetumia dawa za shinikizo huweza kupata kizunguzungu akiwa bado ameshikilia ngazi ya bwawa.