Patipati Hazizuii Shoti

Baridi ya Juni ikishaingia Theta, swali huwa lile lile: "Fundi, shawa inanitekenya nikigusa mfereji. Ninunue patipati za aina gani?" Nimeulizwa Juja, nimeulizwa Ruiru, na mwaka huu nimeulizwa na mwalimu wa fizikia wa Thika, ambaye kwa kweli hana udhuru. Hakuna aina. Zima shawa.

Shawa nyingi za stima zilizofungwa kwenye ploti zetu zina waya wa kupasha moto ulio uchi ndani ya maji. Hiyo si kasoro, ndivyo zilivyoundwa. Maji yanayokumwagikia kichwani yametoka kugusana na volti 240. Kinachokukinga ni kwamba maji yasiyo na chumvi nyingi hupitisha umeme kidogo tu, na kidogo hicho waya wa ethi hukidaka na kukipeleka ardhini kabla hakijakufikia. Ethi isipokuwepo, ethi ni wewe.

Sasa hizo patipati. Mpira mkavu huzuia umeme vizuri, lakini nani ana mpira mkavu bafuni? Maji yamepanda juu ya wayo, yamezunguka kisigino, yameungana na ya sakafuni, na zile tundu tatu za kamba zinapenya hadi chini. Hata ungesimama juu ya stuli ya plastiki, mikono bado unayo. Mmoja uko kwenye maji yanayotiririka, mwingine unakwenda kufunga mfereji wa chuma. Umeme unapita mkono, kifua, mkono, na moyo uko hapo katikati. Miliampia 30 zinatosha kuvuruga mapigo yake. Shawa ya wati 5,500 huvuta ampia 23 hivi, zaidi ya mara 700 ya kiasi hicho. Si zote zitakupitia, lakini huhitaji zote.

Kibaya zaidi, patipati zinaweza kupunguza mtekenyo bila kuondoa uvujaji. Mtu mzima anazoea na kusahau, kisha mtoto anaingia kuoga miguu mitupu.

Mafundi wa mtaani nao wana zao. Kuna anayefunga ethi kwenye bomba la maji, na bomba lenyewe ni la plastiki. Kuna anayeunganisha ethi na nyutro ndani ya swichi: siku nyutro ikikatika, waya uliowekwa kukulinda ndio unaoleta stima majini. Na kuna yule ambaye RCD, kile kifaa kinachokata stima inapovuja, ikianguka kila maji yakifunguliwa, anairuka na kuunga waya moja kwa moja, halafu anadai pesa ya kazi. RCD haikuwa imeharibika, ilikuwa inafanya kazi yake. Kama inaanguka kwa sababu ploti inatumia maji ya kisima yenye chumvi, nunua shawa ya maji ya chumvi, ambayo waya wake umefunikwa. Bei imezidi kidogo. Lipa.

Mengine ni mepesi. Maji hayapati moto wa kutosha: punguza mfereji, maana wati 5,500 hupandisha lita nne kwa dakika nyuzi 20 hivi tu, na asubuhi za Julai maji ya tangi ni ya baridi kweli. Shawa haiwaki kabisa: huenda tangi liko chini mno na presha haisukumi swichi ya ndani, liinue au weka pampu. Inawaka lakini maji ni baridi: waya wa ndani umeungua, badilisha. Swichi inanuka kuungua: kuna kiungo kilicholegea, au waya ni wa milimita 2.5, weka wa 6 kutoka kwenye boksi, wa shawa peke yake, na breka ya ampia 32. Breka ikianguka, usiweke kubwa zaidi, tafuta sababu. Tokeni zinaisha haraka: dakika kumi za kuoga ni karibu yuniti moja, fanya hesabu na watu wa nyumbani.

Mwenye nyumba akisema ethi ipo, mwambie alete fundi mwenye leseni ya EPRA aipime kwa mita mbele yako. Nguzo ya shaba kuonekana nje ya ukuta si kipimo. Kabla hajapima, chemsha maji kwa sufuria. Koili ya kutumbukiza kwenye ndoo usiniulize.