Binti wa Soni akitaka kushindana baharini, mzazi umjibu nini?

Lushoto. Barabara ya kupanda kutoka Mombo hadi Soni ni ya kona tupu, na ukifika juu unapokewa na maporomoko ya maji, kabichi, karoti na mapeasi. Maji ya huku ni ya mto na chemchemi. Bahari iko mbali, kule Tanga, na wapo watoto wanaofika sekondari hawajawahi kuiona.

Sasa mfikirie mama wa Soni ambaye binti yake wa kidato cha pili anasoma Tanga na kuishi kwa shangazi yake. Amerudi likizo na jambo jipya mdomoni: “Mama, nataka kujifunza mashua za tanga. Kuna mbio za wasichana watupu.”

Jibu linalokuja haraka ni hili: “Mwanangu, hata kuogelea hujui!”

Jibu hilo si la ushamba, lina hoja ndani yake. Lakini kabla mzazi hajafunga mlango, ni vizuri aujue mchezo anaoukataa au kuukubali.

Mashua mbili tu

Katika mbio za kawaida za matanga, mashua nyingi huondoka pamoja. Katika mbio za ana kwa ana, mashua ni mbili tu, tena za aina moja, ili ushindi utokane na mabaharia na si ubora wa chombo. Anayetangulia kuvuka mstari wa mwisho ndiye mshindi, hata kama kamwacha mwenzake kwa urefu wa mkono.

Purukushani huanza kabla ya mbio zenyewe. Dakika nne kabla ya kuondoka, mashua moja yenye bendera ya bluu na nyingine ya njano huanza kuingia eneo la kuanzia, kila moja ikitokea upande wake. Hapo huzungukana kama majogoo wawili, kila moja ikitafuta kumbana mwenzake mpaka avunje sheria.

Sheria kubwa ni ya kupishana. Mashua mbili zikikutana, inayopigwa na upepo upande wake wa kushoto humpisha inayopigwa upande wa kulia. Waamuzi hufuata nyuma kwa boti ya injini na kukata shauri palepale. Wakiinua bendera ya bluu au ya njano, mwenye rangi hiyo kapewa adhabu. Wakiinua ya kijani na nyeupe, hakuna kosa. Aliyeadhibiwa lazima aizungushe mashua yake, na mara nyingi anaruhusiwa kuchagua lini atafanya hivyo kabla ya kumaliza.

Jambo jingine ni upepo wa mbele. Hakuna mashua ya tanga inayoweza kwenda moja kwa moja kule upepo unakotoka. Nahodha hulazimika kubisha, yaani kwenda upande mmoja kisha kugeuza upande wa pili, hadi afike. Mtu wa Soni hahitaji maelezo marefu hapo. Hata gari la Mombo haliupandi mlima kwa kunyoosha, linaupanda kwa kona.

Wanawake waliofika mbali

Mbio hizi za wanawake ziliingia Olimpiki mara moja tu, mwaka 2012, michezo ilipofanyika London. Mbio zenyewe zilikuwa Weymouth, pwani ya kusini ya Uingereza. Timu 12 zilishiriki, kila moja na wanawake watatu ndani ya mashua ya mita sita.

Fainali ilikuwa kati ya Hispania na Australia. Katika mojawapo ya mbio hizo, nahodha wa Australia, Olivia Price, aliyekuwa na miaka 20, alitupwa majini. Timu yake iliendelea kupambana mpaka mbio ya tano, ikafungwa 3-2 na kurudi nyumbani na medali ya fedha. Hispania ya Tamara Echegoyen, Ángela Pumariega na Sofía Toro ilichukua dhahabu.

Karibu na kwetu, jirani zetu wa kusini nao wameonyesha njia. Denise Parruque na Maria Machava wa Msumbiji walishindana katika Olimpiki ya Tokyo, iliyofanyika mwaka 2021, kwa mashua ya watu wawili iitwayo 470. Hizo zilikuwa mbio za mashua nyingi, si za ana kwa ana, lakini bahari yao ni hii hii Bahari ya Hindi.

Na lugha ya mchezo huu si ngeni. Tanga, mlingoti, usukani, joshi na kubisha ni maneno ya wavuvi wetu wa ngalawa. Hata jina la mkoa wenyewe ndilo neno la kitambaa kinachoshika upepo.

Hofu ya mama ina msingi

Shirika la Afya Duniani (WHO) linakadiria kuwa watu 300,000 walikufa maji duniani mwaka 2021, wengi wao katika nchi za kipato cha chini na cha kati. Kwa hiyo mama anayetanguliza kuogelea yuko sahihi.

Zanzibar kuna somo zuri. Katika kijiji cha Nungwi, mradi wa Panje umewafundisha wasichana kuogelea wakiwa na mavazi marefu yenye stara, na miongoni mwa walimu wamo wanawake wa hapohapo. Wazazi waliohofia heshima ya binti zao walipata jibu bila binti kukosa somo linaloweza kuokoa uhai wake.

Mabwawa ya chini ya maporomoko, kama ya Soni, si mahali pa kujifunzia. Mkondo hauonekani kwa juu, mawe yanateleza, na mvua ikinyesha milimani maji hupanda ghafla.

Maswali ya kuuliza

Vilabu vya mashua vipo Tanga na Dar es Salaam. Kabla ya kumruhusu mtoto, uliza: Je, wanapokea watoto wa wasio wanachama, na kwa gharama gani? Wanampima kwanza kama anajua kuogelea? Kuna jaketi la kuokolea linalomtosha yeye, si la mtu mzima? Boti ya uokoaji inakuwa majini muda wote wa mazoezi? Nani anawasimamia wasichana wanapobadilisha nguo, na jioni anarudi nyumbani na nani?

Uliza shuleni pia, na zungumza na shangazi, maana yeye ndiye atakayemsubiri mlangoni.

Jibu lolote likikosekana, kusema “bado” si kumvunja moyo. Mtoto anayeambiwa “hapana” bila sababu anaweza kwenda kwa siri, na baharini siri ni hatari kuliko mchezo wenyewe.

Mama wa Soni anaweza kumjibu binti yake hivi: “Jifunze kuogelea kwanza, mwanangu. Siku ukiweza, nitashuka Tanga nikuone, halafu tutazungumza habari ya mashua.”